Je, ni klorini inayoyageuza majani ya mimea yangu kuwa ya manjano?

«Ninaotesha nyanya na pilipili kwenye vyungu vya lita kumi, na huu ni msimu wangu wa kwanza. Kwa wiki tatu sasa majani machanga ya juu yanatoka yakiwa ya manjano ilhali mishipa yake imebaki kijani, na ncha za majani ya chini zimeungua. Nimeambiwa kwamba sababu ni klorini ya maji ya bomba, kwa hiyo huacha ndoo wazi usiku na mchana, mara nyingine huyachemsha maji, na siku hizi naongeza kijiko kimoja cha chai cha siki katika kila ndoo ya lita 20. Hakuna kilichobadilika. Kipimo kimoja kinasoma pH 8.1, na kingine, cha chumvi zilizoyeyuka, kinasoma 420. Pia nilishauriwa nimwagilie kidogo kidogo ili maji yasitoke chini ya chungu na mbolea isipotee. Je, ninunue chujio, au niachane kabisa na maji ya bomba?»

Ndugu msomaji, umeeleza vizuri kiasi cha kunirahisishia kazi, hasa kwa kutaja ni majani yapi yaliyoanza kuugua. Unachohofia ni kwamba maji yaleyale unayoyanywa huenda yanaiua mimea yako polepole. Naona dalili mbili katika maelezo yako, si moja. Majani machanga yenye mishipa ya kijani ni jambo moja, na ncha zilizoungua za majani makongwe ni jambo jingine, ingawa yote mawili yanaweza kuwa yametoka katika ndoo moja. Na sentensi iliyonishtua zaidi haikuwa ile ya klorini. Ni ile iliyotangulia swali lako la mwisho, kuhusu maji yasiyoruhusiwa kutoka chini ya chungu.

Tuanze na klorini, kwa kuwa ndiyo uliyoelekezewa. Maji ya bomba huwekewa klorini ili yasiote vijidudu njiani, na kiasi kinachofika kwenye bomba la nyumbani kwa kawaida ni kidogo, mara nyingi chini ya miligramu 1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita kwa maji ya kunywa. Klorini kiasi hicho ikigusa udongo wenye mboji humalizwa karibu papo hapo, kwa sababu hushambulia mabaki ya mimea na viumbehai vya tabaka la juu na kujigeuza kuwa kloridi. Ni kweli kwamba baadhi ya vijidudu vya sentimita chache za juu hufa, lakini huzaana tena haraka, na mizizi iliyo chini haikutani na klorini yenyewe. Anayelazimika kuijali zaidi ni yule anayeotesha mimea ndani ya maji matupu bila udongo, kwa kuwa huko hakuna mboji ya kuimaliza kabla haijaifikia mizizi. Zaidi ya hayo, madhara ya klorini hayana sura unayoieleza: hayachagui majani machanga peke yake na kuiacha mishipa ikiwa kijani.

Kuacha ndoo wazi kwa siku nzima hupunguza klorini huru kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo hukuambiwa uongo mtupu. Tatizo ni kwamba mitambo mingi ya maji sasa hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na hiyo haitoki kirahisi kwa kuachwa wazi hata kwa siku kadhaa. Mkaa amilifu huiondoa, na vitamini C kidogo huimaliza ndani ya dakika chache. Hata hivyo, kwa mmea ulio kwenye udongo sikushauri kuhangaika na mojawapo ya njia hizo, kwani utakuwa unamtibu mgonjwa kwa maradhi asiyokuwa nayo.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni uwezo wa maji yako kukinza tindikali, ambao wataalamu huuita ualikali. Watu wengi, na hata baadhi ya vitabu vya bustani, huuchanganya na pH, yaani namba inayoonyesha maji yana tindikali kiasi gani, ilhali ni vitu viwili tofauti, na kosa hilo ndilo linalowafanya wanaoanza kupoteza msimu mzima. Fikiria baiskeli isiyo na mzigo na mkokoteni uliosheheni mawe, vyote vikishuka mlima kwa kasi ileile. Ukipima kasi tu utadhani vinafanana. Ukijaribu kuvizuia ndipo utakapojua tofauti. pH ni ile kasi. Ualikali ni mzigo, yaani wingi wa bikaboneti iliyoyeyuka majini, na mzigo huo ndio unaouamulia udongo wa chungu uelekee wapi. Maji yenye pH 8.1 na bikaboneti kidogo hayana madhara yoyote, kwa kuwa tindikali ndogo inayotolewa na mizizi yenyewe huyatuliza mara moja. Maji yenye pH 7.4 na bikaboneti nyingi, kinyume chake, yataupandisha udongo wako siku baada ya siku bila kukupa ishara yoyote kwenye kipimo cha pH cha ndoo.

Hesabu yake ni rahisi. Ualikali hupimwa kana kwamba bikaboneti yote ingekuwa chokaa. Maji yenye ualikali wa miligramu 300 kwa lita, ukiumwagilia mmea uliokwisha kukua lita moja kwa siku, huleta gramu 9 za chokaa ndani ya siku 30, yaani karibu vijiko viwili vya chai katika chungu cha lita kumi, kila mwezi. Shambani mvua huosha na ardhi ni kubwa, kwa hiyo athari hiyo huchelewa sana kuonekana. Ndani ya chungu hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana miche huanza vizuri, mkulima akajipongeza, kisha baada ya wiki tano au sita majani ya juu yakaanza kupauka.

Kinachopauka ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi chuma chenyewe kimo tele udongoni. pH ya udongo wa chungu ikipanda na kukaribia 7, chuma hugeuka kuwa kama kutu isiyoyeyuka, na mizizi huzungukwa na chakula isichoweza kukimeza. Kwa kuwa mmea hauwezi kukitoa chuma katika majani ya zamani na kukipeleka juu, jani linalozaliwa leo ndilo linalokosa. Mishipa hubaki kijani kwa sababu ndiyo inayofikiwa kwanza na kile kidogo kilichopo. Kama umanjano huohuo ungeanzia kwenye majani ya chini ningefikiria magnesiamu kwanza, kwa sababu hiyo mmea huweza kuihamisha kutoka majani makongwe kwenda machanga. Ulipotaja kwamba ni majani ya juu, ulikuwa umekwisha kunipa nusu ya jibu.

Sasa ncha zilizoungua. Mmea hunywa maji na kuacha nyuma sehemu kubwa ya chumvi usizozihitaji, na jua hukausha uso wa udongo likiacha chumvi zaidi. Usiporuhusu maji yapite na kutoka chini, kila chumvi iliyoingia imebaki humo: ya bomba, ya mbolea, na hata ya siki ulipoichanganya na bikaboneti. Baada ya wiki kadhaa maji yanayozunguka mizizi huwa na chumvi mara nyingi zaidi ya yale uliyoyamimina, mizizi hushindwa kuyavuta, na chumvi zinazoingia husafirishwa hadi mwisho wa njia, yaani kwenye ncha na kingo za majani makongwe, ambako maji hutoka na zenyewe hubaki. Chunguza ukingo wa chungu na matundu ya chini. Ukiona ukoko mweupe, umeshapata ushahidi. Aliyekushauri kuibana mbolea isipotee alikutakia mema, lakini mbolea chache zinazotoka ni gharama ndogo kuliko chumvi zinazobaki.

Kuhusu namba 420, tahadhari. Vipimo vingi vya bei nafuu havipimi chumvi moja kwa moja. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha huzidisha kwa kigawo alichochagua mtengenezaji, ambacho mara nyingi ni 0.5 au 0.7. Kwa hiyo 420 yako inaweza kuwa na maana ya mikrosimensi 840 kwa sentimita, au 600. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huyahesabu maji ya umwagiliaji yaliyo chini ya 700 kuwa hayana kizuizi chochote upande wa chumvi, na yaliyo kati ya 700 na 3,000 kuwa na kizuizi kidogo hadi cha wastani. Soma karatasi iliyokuja na kipimo chako ujue kinatumia kigawo kipi. Kwa vyovyote, maji yako yanatumika, mradi yaruhusiwe kupita. Tena namba hiyo haikuambii ni chumvi gani: kalsiamu na magnesiamu ni chakula cha mmea, ilhali sodiamu ni adui, na kipimo huzihesabu zote bila kuzibagua.

Naomba nizitazame hatua ulizokwisha kuzichukua, maana hazilingani. Siki kijiko kimoja katika lita 20 hupunguza ualikali kwa takriban miligramu 10 tu kwa lita, ambazo hazionekani kwenye mzigo wa 200 au 300. Isitoshe, vijidudu vya udongo huila asidi ya siki na kuirudisha bikaboneti uliyoiondoa. Kuchemsha ndiyo hatua pekee uliyochukua iliyomgusa mshukiwa, kwa sababu sehemu ya bikaboneti huungana na kalsiamu na kuganda kama ukoko mweupe ndani ya sufuria. Ukichemsha, ukaacha yapoe, kisha ukamimina maji ya juu na kuacha mashapo, umepata maji yenye ualikali mdogo zaidi. Lakini moto unaotumika ni mwingi, sodiamu na kloridi havitoki, na maji yanayopotea kwa mvuke huvifanya vizidi kidogo. Siipendekezi kama desturi ya kila siku.

Kabla ya kununua chochote, pima ualikali wenyewe. Wanaofuga samaki wa mapambo hutumia kichupa cha matone ambacho hupima kitu hikihiki kwa nyuzi za KH. Unahesabu matone hadi rangi igeuke, na kila uzi mmoja ni sawa na miligramu 17.9 kwa lita. Ukipata nyuzi 5, una karibu 90, na hapo nimekosea kumshuku. Tafuta sababu nyingine. Hadi 100 hakuna la kufanya. Kati ya 100 na 150, chungu cha lita kumi kitavumilia, ingawa miche iliyo kwenye vikopo vidogo inaweza kulalamika. Kuanzia 150 kwenda juu, hasa ukifika nyuzi 14, ambazo ni 250, usitarajie mmea wako utulie bila msaada. Ukishindwa kupata matone hayo, mamlaka nyingi za maji hutoa taarifa ya ubora wa maji kwa mteja anayeiomba; tafuta mstari wa ualikali, wala usitosheke na mstari wa pH.

Ikiwa namba ni kubwa, maji ya mvua ndiyo suluhisho ninalolipenda kuliko yote. Karibu hayana bikaboneti, na hesabu ya kuyachanganya haina mtego: nusu kwa nusu huushusha ualikali kuwa nusu. Huhitaji kuacha maji ya bomba kabisa, na kwa kweli nisingependa uyaache, kwa kuwa kalsiamu iliyomo inasaidia nyanya. Mifereji ya paa lako iwe safi, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite na vumbi lake.

Pasipo mvua, asidi ya sitriki ya unga hufanya kazi iliyokusudiwa na siki, kwa kipimo kinachoeleweka. Kuushusha ualikali kutoka 250 hadi karibu 100 huhitaji takriban gramu 4 katika ndoo ya lita 20. Tumia mizani ndogo, usikisie kwa kijiko. Koroga, kisha pima pH papo hapo, ambayo inapaswa kusoma kati ya 6 na 6.5. Ikishuka chini ya hapo, ongeza maji ya bomba. Ukiyaacha maji hayo hadi kesho utaona pH imepanda tena, na wengi hudhani asidi imeshindwa, kumbe ni hewa ya kaboni iliyotoka majini, huku bikaboneti iliyoondolewa ikiwa imeondoka. Changanya ya kutumia siku hiyohiyo, kwa kuwa sitriki nayo huliwa na vijidudu ikikaa. Asidi kali za viwandani, kama ya salfa, nakusihi uwaachie waliofunzwa kuzishika.

Mbolea nayo ina mkono wake. Ile yenye naitrojeni ya amonia hushusha pH ya udongo, na ile ya naitreti huipandisha kidogo, kwa hiyo anayemwagilia maji mazito kwa bikaboneti hufaidika na mbolea yenye sehemu fulani ya amonia. Nasema sehemu, kwa sababu amonia ikizidi huidhuru mizizi, hasa ya miche na hasa udongo ukiwa wa baridi. Na kama unataka kuiona mimea ikipata rangi wakati ukirekebisha maji, tafuta chuma kilichofungwa kwa EDDHA au DTPA, yaani kemikali zinazokishika chuma kisigeuke kutu. Kile cha EDTA, ambacho ndicho cha kawaida, huachia chuma chake pH inapopita takriban 6.5, yaani hukuacha mkono pale hasa unapokihitaji.

Chujio? La mkaa litaondoa klorini na harufu, lakini bikaboneti itapita kama kawaida, kwa hiyo fedha yako itakuwa imemlipia asiye na hatia. Lile linalosukuma maji kupitia utando mwembamba mno huondoa karibu kila kitu, bikaboneti ikiwemo, lakini hutupa sehemu ya maji yanayoingia na hukuachia maji yasiyo na kalsiamu wala magnesiamu, ambayo itabidi uyarudishie kwa mbolea. Kwa vyungu vichache vya anayeanza, naliona ni mzigo usio wa lazima. Kuna chombo kimoja ambacho nakuomba ukiepuke kabisa, nacho ni kile cha kulainisha maji kwa chumvi. Huondoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake, bila kupunguza bikaboneti hata kidogo. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza trei nzima za miche katika nyumba niliyopanga kabla sijagundua kwamba bomba nililolitumia lilipitia kwenye chombo hicho. Ngozi na sabuni huyafurahia maji hayo, mizizi haiyafurahii.

Kwa hiyo wiki hii, hata kabla ya matone ya KH kupatikana, uoshe udongo. Weka kila chungu mahali panapochuruzika, mimina polepole maji ya kawaida yasiyo na mbolea hadi lita 20 kwa chungu chako cha lita kumi, acha yatoke yote, na usiache chungu kimekaa ndani ya kisahani chenye maji yaliyotoka. Siku inayofuata toa mbolea iliyozimuliwa nusu ya kipimo, kwa sababu umeosha pia chakula. Tangu hapo, mwagilia hadi sehemu moja kati ya tano au saba ya maji itoke chini, kisha ngoja udongo wa juu ukauke sentimita mbili au tatu kabla ya kurudia. Kungoja huko ni sehemu ya tiba: oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi kuliko hewani, na mzizi uliozama kila siku huonyesha umanjano huohuo hata maji yawe safi namna gani. Ncha zilizoungua hazitapona, usizitazame. Tazama majani yatakayozaliwa katika wiki mbili au tatu zijazo.

Ukitaka kuwa na uhakika, chagua mimea miwili iliyolingana, mmoja umwagilie maji ya mvua na mwingine ya bomba kwa wiki nne, mbolea ikiwa ileile. Ukiona yote miwili inazidi kuwa ya manjano, basi nimemshuku asiyehusika, nami ningependa uniandikie.

Kuna hali ambazo hupaswi kusubiri wiki hizo. Majani machanga ya nyanya yakiwa madogo, yamejikunja kwenda juu kama kijiko, na ukitikisa mmea wanaruka inzi weupe, huenda ni ugonjwa wa virusi. Tenga mmea huo leo na upeleke tawi, likiwa ndani ya mfuko, kwa afisa ugani au kliniki ya mimea. Mmea ukinyauka mchana ilhali udongo una unyevu, au shina likiwa na weusi karibu na udongo, hilo nalo lahitaji macho ya mtu aliye mbele ya mmea. Ukimwona mtaalamu, chukua pamoja na mmea chupa safi ya maji yako, iliyosukutwa mara tatu kwa maji hayohayo na kujazwa hadi juu bila kuacha hewa, na uombe maabara ipime ualikali, sodiamu, kloridi na boroni. Na ikiwa maji ya bomba yana rangi ya kahawia, harufu ya ajabu au ladha ya chuma, acha habari ya nyanya kwanza na uwaarifu wasambazaji wa maji, kwa kuwa nyumba nzima inayanywa.